Swali: Nanunua pikapu iliyotumika, ya kubebea mzigo, hapa Changamwe, kodi ya barabara ni juu ya nani?

Ndugu yangu, ile rodi laisensi ya kila mwaka ilishafutwa zamani Kenya. Siku hizi unailipia kwenye pampu, imo ndani ya bei ya mafuta. Ila wewe wasema pikapu ni ya kubebea mzigo. Hiyo ina kodi ya mapema ya KRA (mamlaka ya mapato) kila mwaka, basi muuzaji akuonyeshe risiti kabla hujatoa hela. (Gari la nyumbani halihusiki.)

Umiliki uhamishwe kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: muuzaji aanzishe, wewe ukubali. Sheria yakupa siku 14. Zikipita, usiiendeshe ikiwa bado kwa jina lake. Dalali akikwambia "tutabadilisha baadaye", mimi ningeondoka zangu.