HB 11 na bado wanataka damu? Mkuu kachangieni tu

Mkuu mleta mada umeuliza kwa nini mzee katapika damu jana usiku, HB (kipimo cha ukolezi wa damu) imesoma 11, halafu daktari anawaambia ndugu mkachangie damu wakati hata kamera (ile mpira wa kuangalia ndani ya tumbo) hajapimwa. Poleni sana. Mi ni nesi, nina miaka 9 wodi ya wanaume huku Kanda ya Ziwa.

HB ya masaa ya kwanza inadanganya. Chukua kikombe cha chai ya maziwa mwaga nusu, iliyobaki si rangi ile ile? Mpaka uongeze maji ndo inapauka. Mtu anaweza kumwaga lita nzima HB bado 11, kesho yake mwili umeshavuta maji na drip zimeingia unakuta imeshuka sana.

Mwaka wangu wa kwanza tulipokea mvuvi toka Ukerewe, HB 10 na pointi, anaongea vizuri tu, tukamwekea kanula (kile kimpira cha kwenye mshipa cha kupitishia drip) moja ndogo ya pinki basi. Nilimshika mkono ukawa wa baridi umeloa jasho, mapigo ya moyo 128 kwa dakika, na sikulitilia maanani. Saa 9 usiku akatapika damu akajaza beseni, mishipa yote imelala, tunahangaika kutafuta mshipa wa kuweka drip na damu yake hata krosimechi (kupima kama damu ya kuongezewa inaendana na yake) haijafanyika. Alipona kwa neema ya Mungu. Kumbe ni kichocho cha tumbo cha miaka mingi, ini lina makovu, bandama kubwa, mishipa ya damu ya kwenye umio (njia ya chakula) imevimba ndo ikapasuka, huku ziwani tunawaona sana hawa.

Toka hapo akija wa kutapika damu au choo cheusi kama lami natundika kanula 2 kubwa, ya kijivu au kijani, na sampuli ya krosimechi inatoka hapo hapo. Kuandaliwa damu sio lazima apewe, mara nyingi anaongezewa HB ikishuka chini ya 7 na kama kuna hiyo mishipa ukimjaza kupita kiasi inaweza kupasuka tena. Kamera inafanyika ndani ya masaa 24 ila presha itulie kwanza.

Na mwambieni daktari ukweli kama mzee anameza diklofenaki za maumivu ya mgongo au aspirini, hizi nazo zinaweza kufanya tumbo litoe damu na wazee wanazificha. Usiku huu anayelala naye aangalie choo kama ni cheusi, na mzee akitoka jasho la baridi au akiona kizunguzungu akiinuka, mwiteni nesi hapo hapo msisubiri raundi ya asubuhi.