Daraja la nyaya Mbeya? Tatizo letu si mto

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini Mbeya tusijengewe daraja la nyaya kama la Kigamboni ili foleni ya Mwanjelwa iishe. Lile la Kigamboni lina mita 680 na lilifunguliwa Aprili 2016, kwa sababu pale kuna mkono wa bahari na watu walikuwa wanategemea pantoni. Nyaya zinatoka kwenye mnara moja kwa moja hadi kwenye sakafu ya daraja na kuibeba, kwa hiyo huhitaji kujaza nguzo majini.

Sisi mito yetu ni myembamba. Kule Kiwira jiwe tu limevuka mto, ndiyo lile Daraja la Mungu!

Shida ya hapa ni barabara moja. Lori la Tunduma, daladala, bajaji na mama mwenye ndoo ya parachichi, wote wanabanana humo humo. Lori likikata pumzi mlima wa Iwambi, unakaa na abiria wako mpaka injini inapoa. Tudai njia nne zikamilike, na malori yapate barabara yao ya mchepuko nje ya mji.