Cheti chako cha unesi kikifika Ujerumani: majibu kwa mnaoniuliza

Wadogo zangu, salamu nyingi. Mnaniuliza swali lile lile kila wiki, wa diploma, wa digrii, wa Tanzania na wa Kenya, mnaniambia "dada, nikija Ujerumani na cheti changu si naanza kazi kama nesi moja kwa moja?" Hapana, huanzi moja kwa moja, na anayekwambia unaanza moja kwa moja ana kitu anakuuzia. Mimi nipo Dortmund, nafanya kazi wodini kama nesi kamili, njia hii nimeipita mwenyewe kwa hiyo siwahadithii ya kusikia, na sitaki kuwakatisha tamaa ila nataka mje mkijua.

Iko hivi. Unesi huku ni kazi iliyofungwa na sheria, sawa na udaktari, ufamasia na ualimu wa shule za serikali. Hata hospitali ikupende vipi haiwezi kukuandika nesi mpaka mamlaka ya jimbo iseme elimu yako inalingana na ya kwao. Huko kutambuliwa ndo wanaita Anerkennung, neno hilo utalisikia mpaka ulichoke. Majimbo yako 16 na kila jimbo lina mamlaka yake, fomu zake na vijimasharti vyake, ndo maana rafiki yako wa Bavaria anakwambia hivi na mimi nakwambia vile na wote tuko sahihi. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya yote ni utafanya kazi jimbo gani, ukishajua hilo soma masharti ya jimbo hilo tu, ya wengine achana nayo.

Sasa wanalinganisha nini, hapa ndo wengi hamjui. Hawaangalii jina la chuo wala GPA yako. Wanaangalia masaa. Nesi wa hapa anasoma miaka mitatu, darasani sio chini ya masaa 2,100 na vitendo sio chini ya masaa 2,500, na hayo ya vitendo yamegawanywa, wodi ya upasuaji na ya magonjwa ya ndani ya mwili, watoto, magonjwa ya akili, nyumba za wazee, uuguzi wa majumbani. Afisa anachukua makaratasi yako anaweka pembeni ya hayo na kuanza kuhesabu. Barua niliyopata ilikuwa na jedwali, upande huu ya kwao upande huu ya kwangu, nashuka nayo mstari kwa mstari, uzazi nimewazidi mbali, magonjwa ya kuambukiza nimewazidi, nafika kwenye matunzo ya muda mrefu ya wazee pameandikwa sifuri. Na ni kweli, fildi ya nyumba ya wazee tungeifanyia wapi sisi, bibi anatunzwa nyumbani na wajukuu. Sifuri ile haikuwa na maana kwamba mimi sijui kumgeuza mgonjwa kitandani au kumlisha, ilikuwa na maana moja tu, kwamba hakuna karatasi inayosema nilifanya, na huku kisichoandikwa hakikufanyika.

Ndo maana nasema kwa nguvu zote, kazi kubwa ya Anerkennung inafanyika ukiwa bado Tanzania, sio ukishafika. Transkripti ya vyuo vyetu vingi inaonyesha jina la somo na alama, pengine na krediti, basi. Afisa wa huku hawezi kufanya chochote na "Medical Nursing II, B+". Nenda chuoni kwako uombe silabasi ya mwaka uliosoma wewe (sio ya sasa, maana mitaala inabadilika) na barua yenye mhuri inayoorodhesha kila somo na masaa yake ya darasani, halafu rotesheni zote, wodi gani, wiki ngapi, masaa mangapi. Kama logibuku yako ipo itunze kama pasipoti. Chuo changu kilinizungusha sana kwa hiyo barua, msajili anakwambia njoo kesho, kesho yupo semina, faili halionekani, na mimi nilikuwa bado nipo nchini naweza kwenda kukaa pale kwenye benchi mpaka wanihudumie. Fikiria unalifanya hilo kwa simu ukiwa Ujerumani, na huku mamlaka imeshakupa tarehe ya mwisho ya kuleta.

Ukitoka chuoni nenda Baraza la Uuguzi na Ukunga uombe uthibitisho kwamba umesajiliwa, leseni yako iko hai na huna kesi ya kinidhamu. Barua ya namna hiyo ina umri, majimbo mengi hayataki iwe ya zamani, kwa hiyo usiichukue mwaka mzima kabla. Wa Kenya mna Nursing Council yenu, utaratibu unafanana.

Halafu majina jamani. Cheti cha form four kimeandikwa majina mawili, diploma majina matatu, pasipoti imeongezewa jina la babu, na cha kuzaliwa cha zamani kilichoandikwa kwa mkono kina herufi moja tofauti, Hadija na Khadija. Sisi nyumbani tunaona ni mtu yule yule, afisa wa huku anaona watu wawili na faili lako linasimama hapo hapo. Shughulikia RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo Tanzania) kwanza upate cha kuzaliwa kinachosomeka, halafu nenda kwa wakili mmalize suala la majina kisheria kabla hujatuma hata karatasi moja. Mlioolewa mkabadili jina, cheti cha ndoa kinaingia kwenye kifurushi.

Tafsiri nayo, usimpe mwalimu wako wa Kijerumani akufanyie kwa bei ya urafiki. Mamlaka nyingi zinataka mtafsiri aliyeapishwa mahakamani, na mara nyingi awe wa huku huku Ujerumani, analipwa kwa mstari na silabasi ni ndefu, kwa hiyo uliza kwanza kipi hasa kinahitaji kutafsiriwa. Kuna wanaopokea Kiingereza kwa baadhi ya nyaraka, hapo utaokoa hela nyingi.

Ukishatuma, sheria inawapa mwezi mmoja kukujibu kwamba wamepokea na kukutajia kinachopungua, na kwa kawaida miezi mitatu kutoa uamuzi. Ila miezi mitatu inahesabiwa kuanzia faili likiwa kamili! Hapo ndo watu wanalia kwamba wamesubiri mwaka, ukichimba unakuta karatasi moja ilikosekana. Mwajiri akiwa tayari kukulipia ule utaratibu wa haraka wa ofisi ya wageni (uhamiaji), ada yake euro 411, mambo yanaenda upesi zaidi.

Uamuzi ukija, kwa manesi wa kwetu wengi unakuja ule unaoitwa Defizitbescheid, yaani elimu yako imekubaliwa kwa sehemu na kuna mapengo haya na haya. Naomba mnielewe vizuri hapa kwa sababu nimeona dada wa watu analia kwenye simu akidhani amekataliwa. Hujakataliwa! Barua ile ndo inayokufungulia viza ya kuja kuziba mapengo, na unachagua mwenyewe moja kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kipindi cha kujazia, unazungushwa kwenye wodi zile ulizopungukiwa na masomo kidogo, mwisho mnakaa mazungumzo ya kuhitimisha. Ya pili ni mtihani, Kenntnisprüfung, una sehemu ya mdomo na ya vitendo, na sehemu uliyofeli unaruhusiwa kuirudia mara moja tu. Mimi nilichagua mtihani. Siku ya vitendo unapewa mgonjwa wa kweli, unapanga uuguzi wake, unamhudumia, unaandika, halafu unamkabidhi kwa maneno mbele ya wasahihishaji, na yote ni Kijerumani. Mzee niliyepewa alikuwa anaongea lafudhi ya huku Ruhr na meno ameyaweka kwenye glasi, nilikuwa namwinamia kabisa kumsikiliza, dozi za dawa hazikunisumbua hata kidogo, kilichonitoa jasho ni kumuelewa anaumwa wapi.

Kwa hiyo lugha. Ili uandikwe nesi kamili wanataka Kijerumani cha kiwango cha B2 (ngazi zinapanda kutoka A1, A2, B1, B2 mpaka C1 na C2). B2 ya kukariri mitihani utaipata, B2 ya kupokea ripoti saa kumi na mbili asubuhi kutoka kwa mtu aliyekesha na anataka kwenda kulala ni kitu kingine kabisa. Ukiweza fika B2 ukiwa nyumbani. Tangu Machi 2024 kuna njia ya kuja na A2 kama una mkataba wa kazi na mwajiri amekubali mfuatilie Anerkennung pamoja ukiwa huku, kwenye karatasi inavutia, ila mimi kwa maoni yangu sikushauri kama una namna nyingine. Unafanya zamu kama msaidizi, unarudi umechoka, jioni darasa la lugha, na viza ina mwisho wake.

Na tofauti ya msaidizi na nesi sio jina tu. Kwenye uuguzi wa wazee kima cha chini kilichoanza Julai 2025 kilikuwa euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi asiye na mafunzo na 20.50 kwa nesi aliyetambuliwa. Piga masaa 160 kwa mwezi, ni zaidi ya euro 700 kabla ya makato, na unafanya kazi sakafu moja na mwenzako. Inauma zaidi ile kwamba umesoma miaka mitatu, umeshika zamu za usiku wodi nzima peke yako kule nyumbani, na huku huruhusiwi kufanya kazi kama nesi kamili mpaka karatasi itoke. Jiandaeni kwa hilo kichwani.

Maajenti sasa. Kuna wanaowashawishi wenye diploma waje kuanza upya Ausbildung (mafunzo ya kazi ya huku) ya miaka mitatu, kwa sababu kwao ni rahisi kupeleka mwanafunzi kuliko kufuatilia mapengo ya nesi. Kwa aliyemaliza form four au six Ausbildung ni njia nzuri sana na unalipwa kila mwezi, nawatia moyo. Ila wewe uliyehitimu na una leseni, kurudi mwaka wa kwanza ni kuitupa elimu ambayo wazazi waliuza ng'ombe kuilipia. Fuatilia kwanza utambuzi, ukishaona mapengo ndo uamue. Na usimlipe mtu mamilioni akutafutie kazi, Ujerumani wana alama rasmi ya uajiri wa haki wa manesi, Faire Anwerbung Pflege Deutschland, na msingi wake ni kwamba gharama anabeba mwajiri. Kwenye mkataba tafuta kipengele cha kurudisha hela ukiondoka mapema, kisome na mtu anayejua Kijerumani kabla hujasaini. Ushauri wa utambuzi wenyewe ni bure, kuna kituo cha serikali kinaitwa ZSBA kipo Bonn kinahudumia watu walio bado nje ya Ujerumani, unawaandikia imeili wanakujibu.

Wakenya, yale makubaliano ya wafanyakazi ya Septemba 2024 kati ya serikali za Kenya na Ujerumani hayana idadi ya nafasi ndani yake, zile nafasi 250,000 zilizosambaa serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha. Na hayakuondoa Anerkennung kwa nesi.

Wa IT, uhasibu, biashara, ninyi kazi yenu haijafungwa, mwajiri anaweza kukuchukua bila hayo yote, ila kwa viza wataangalia digrii kwenye anabin (orodha rasmi ya Ujerumani ya vyuo na digrii za nje), chuo kiwe na H+, yaani kinatambuliwa, na kozi yako ionekane inalingana, kama haipo unaomba tathmini ya ZAB (ofisi ya Ujerumani inayopima vyeti vya nje) kwa ada ya kama euro 200. Madaktari mna mtihani wenu wa lugha ya kitabibu kiwango cha C1, huo mtafuteni aliyeufanya awaeleze.

Na ninyi mlioko Oman, Dubai na Saudia mkifanya unesi, msikilize hapa kwa makini. Uzoefu wa kazi unahesabiwa kuziba mapengo, popote ulipoupata. Kwa hiyo kabla hujaondoka hospitali uliyopo omba barua kwenye karatasi yao rasmi, tarehe ya kuanza na kumaliza, wodi moja moja ulizofanya, masaa kwa wiki, ulikuwa unafanya nini hasa, saini na mhuri. Kama ulitunza wazee waandike wazee, kama ulikuwa watoto waandike watoto. Ichukue mkononi wakati bado uko kwenye ratiba ya zamu, maana ukishamaliza mkataba na kukabidhi kitambulisho, kumpata wa kukuandikia ni kazi.