Mzee wa Mtambwe hakukosea vina

Wadogo zangu wa fasihi simulizi, wiki hii nimesoma ripoti zenu za uwandani, zote kumi na moja. Mmefanya kazi, na mimi nalijua jua la Makunduchi na naujua ubao wa mashua ya Mkokotoni, kwa hivyo siwabezi. Lakini nilipofika ya saba niliifunika, nikatoka nje kutafuta hewa. Mwenzenu kavuka mpaka Tumbatu, kakaa na wavuvi siku nne, karudi na nyimbo zao, kisha kazigeuza zote Kiswahili Sanifu. Chini kaandika kwamba makosa ya lugha yamerekebishwa.

Kosa hilo nalijua, nililifanya mwaka wa tatu. Nilikusudia kukuandikieni mambo matano mafupi. Moja halitakuwa fupi.

1. Someni kitabu chenyewe, si mwongozo. Kuli ya Shafi Adam Shafi ilitoka 1979 na inasimama juu ya mgomo wa makuli wa bandari yetu ya Unguja wa 1948. Mnaishi mwendo wa dakika chache kutoka Malindi, bandarini. Teremkeni asubuhi moja muwaangalie wachukuzi wakipokezana magunia, halafu mrudi kwenye kurasa za gatini. Hakuna mwongozo utakaokupeni hayo.

2. Mizani, yaani silabi za mstari, huhesabiwa kwa sikio. Ukihesabu irabu kwa macho, "mtu" utampa mizani moja, naye ana mbili. Gonga meza kwa kidole, usione haya hata ukiwa maktaba.

3. Sasa hili. Nilikwenda Pemba msimu wa karafuu. Meli mpaka Mkoani, gari mpaka Wete, kisha Mtambwe, kwa mzee mmoja niliyeelekezwa kwamba ana mashairi ambayo hayajapata kuandikwa. Nilimkuta jamvini baada ya alasiri anachambua karafuu, konyo, yaani vijiti vyake, kushoto, karafuu kulia, na vidole vyake havikusimama hata alipokuwa akighani. Simu yangu niliiegemeza kwenye pishi ya bati ili inase sauti. Alighani beti kumi na tisa, tarbia, yaani mistari minne kila beti, nane kwa nane, yaani mizani nane kila kipande cha mstari, za mtu aliyeondoka kwao akaacha wazee. Kila baada ya beti mbili tatu alinitaka nizirudie kwa mdomo, nikikosea ananirudisha nyuma. Nilipoaga akaniambia, "Mwanangu, andika kama nilivyosema." Nikamjibu, "Ndiyo, babu."

Sikuandika kama alivyosema. Nilirudi Unguja, nikakaa mbele ya kompyuta na kuona kavyaa, kaondoka, kenda, wavyele. Haya ndiyo maneno niliyokuwa nikiyasikia kwetu tangu utotoni, lakini kwenye karatasi ya chuo yalinitia aibu. Nikayavisha nguo za skuli: amezaa, ameondoka, amekwenda, wazazi. Niliamini namstahi mzee, namwonyesha kwa watu akiwa msafi. Wiki ile dada yangu anaolewa na simu imejaa. Nikasema maandishi si ninayo, nikaifuta sauti nipate nafasi ya picha za harusi.

Kisha nikaandika sura ya nne. Humo nilisema mshairi ana kipaji lakini mizani inamshinda pahala pengi, na kwamba katika beti ya sita hata kina cha mwisho, ile silabi inayofanana mwishoni mwa mistari, kimempotea. Nikaweka na jedwali.

Msimamizi wangu alilisoma jedwali mbele yangu. Akachukua penseli, akaanza kugonga meza: ka-o-ndo-ka, nne. A-me-o-ndo-ka, tano. Akagonga kipande kizima, kikatoka tisa badala ya nane. Akaniuliza mzee alisema lipi kati ya hayo mawili. Nikasema nadhani kaondoka. Akasema, "Unadhani? Lete sauti." Sikuwa na sauti ya kuleta.

Nilirudi Mtambwe baada ya mfungo. Mzee alikuwa ameshafariki, wiki tano nyuma. Binti yake alinikaribisha, na kabla sijakaa sawa akaniuliza kama nimekuja na ile sauti ya baba, maana ndugu zake walio Dar es Salaam wanaiomba. Nilimpa karatasi. Akazisoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka beti ya sita. Hapo akasimama. "Hivi sivyo alivyokuwa akisema." Akaghani beti ile, aliyoijua kwa sababu baba yake alipenda kuiimba akishuka mkarafuuni. Mstari wa kwanza uliishia na milele, wa pili na tele, wa tatu na wavyele. Kwangu mimi wa tatu uliishia na wazazi. Kina nilikitoa mimi kwa mkono wangu, kisha nikaandika kwamba mzee kakipoteza.

Beti hiyo moja tu ndiyo aliyoikumbuka. Kumi na nane zilizobaki zimekaa kwangu katika Kiswahili changu. Nimejaribu kuzirudisha: hapa nikitoa "ame" na kutia "ka" mizani inakaa, pale haikai na sijui neno lilikuwa lipi. Hata zikikaa, ni kubahatisha kwangu.

Tena fikirini. Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928. Washairi Kamange na Sarahani walikuwa wameshalumbana kwa mashairi huko Pemba kabla ya hapo. Mnamsahihisha nani, kwa kipimo cha lini? Andikeni neno lilivyotamkwa. Kama msomaji wa bara hatalielewa, wekeni maana yake chini ya ukurasa.

4. Nadharia. Ukiitaja katika sura ya pili, nataka niione ikifanya kazi katika sura ya nne. Ripoti sita kati ya kumi na moja zimeitaja na kuiacha palepale.

5. Kibali cha utafiti mkononi, kisha kwa sheha, mkuu wa mtaa, kisha ndipo nyumba ya mtu. Salamu zisiwe za mbio. Bibi mmoja wa Makunduchi aliniweka nikune nazi mbili kabla hajafungua mdomo, na hadithi aliyonipa baada ya hapo ilichukua usiku mzima. Mkitoka, mpeni mwenye maneno nakala ya sauti yake siku hiyohiyo, kabla hamjapanda chombo. Nakala nyengine ibaki kwenu, na ya tatu kwa mtu msiyelala naye nyumba moja.

Mwenzenu wa Tumbatu nimempigia simu usiku uleule. Sauti zake zipo, hajafuta hata moja, na nilipolisikia hilo nilishukuru Mungu kwa sauti mpaka akadhani nimepata msiba. Jumatatu saa mbili, kila mmoja aje na sauti zake na spika za masikioni. Ripoti ziacheni nyumbani. Tutaanza na wimbo wake wa kwanza, neno kwa neno, nami nitakuja na penseli.