Mwezi kwenye sanaa na muziki: kazi zenye sayansi ndani yake

Mkuu, umeuliza kama kuna kazi za sanaa au muziki zinazouchukulia mwezi kisayansi, siyo zile za mapenzi tu. Zipo. Mimi hupiga piano na kuchora kwa kujifurahisha, kwa hiyo nataja zilizonigusa.

Anza na Galileo, mwanasayansi wa Italia. Mwishoni mwa 1609 aliutazama mwezi kwa darubini akauchora kwa wino wa kahawia. Alikuwa amejifunza uchoraji, akijua kivuli kinavyolalia kitu chenye mwinuko. Ndiyo maana alivitambua vile vidoa vya mwanga upande wa giza kuwa vilele vya milima vilivyotangulia kupata jua. Jaribu mwenyewe, hata kwa darubini ndogo ya mkononi. Mwezi mpevu achana nao, jua linaupiga usoni na vivuli vyote vinapotea. Subiri uwe nusu, kisha chora pale mwanga unapokutana na giza: kila shimo lina ukingo unaong'aa na tumbo jeusi. Rafiki yake Galileo, mchoraji Cigoli, aliuchora mwezi huohuo wenye mashimo chini ya miguu ya Bikira Maria, katika kanisa la Santa Maria Maggiore, Roma, kazi iliyokamilika 1612. Ujasiri huo!

Kwenye muziki, ile sonata (utunzi wa piano) ya Beethoven ya 1801 inayoitwa ya mbalamwezi haina sayansi yoyote. Hata jina ilibandikwa baada ya yeye kufa. Ila mwaka 2007 msanii wa Uskoti, Katie Paterson, alizigeuza noti za sonata hiyo kuwa msimbo wa Morse, yaani alama za nukta na vistari, zikarushwa kwa redio hadi mwezini, zikadunda na kurudi. Kwenda na kurudi ni kama sekunde 2.5. Uso wa mwezi una mabonde na mashimo, basi noti nyingine hazikurudi. Zilizorudi zinapigwa na piano inayojiendesha yenyewe, mapengo yakiachwa yalivyo. Kwa aliyezoea kuipiga, zile noti tatutatu za mwanzo zinapokatika ghafla ni kama kukosa ngazi gizani.

Yupo pia Alan Bean, mwanaanga wa Marekani wa safari ya Apollo 12, aliyetembea mwezini 1969, baadaye akawa mchoraji na kuchanganya vumbi la mwezi kwenye rangi zake. Kwangu rangi zimezidi kidogo, ila nani atambishia?

Ukipata muda wa moja tu, chukua ya Paterson, lakini isikilize kwanza sonata yenyewe. Bila hivyo hutajua kilichopotea.