Maswali ya Wasomaji: Hema la Chini Litakalohimili Jua Letu

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Lang'ata. Mimi na mume wangu tuna watoto watatu, na shule zinapofungwa hupakia gari tukaenda kupiga kambi Magadi, Naivasha na mara mojamoja Amboseli. Tumekwisha kununua mahema mawili ya bei nafuu. La kwanza lilivunjika miti yake ya faibaglasi kwa upepo wa Magadi. La pili, ambalo halikunyeshewa sana, lilichanika paa kama gazeti nilipokuwa nalikunja. Wenzetu wanatushauri tununue hema la juu ya gari, lakini bei yake inatutisha, na sisi hupenda kuliacha hema limesimama tukaenda kutazama wanyama. Tumeweka akiba ya kununua hema moja la maana. Je, tuchague turubai au poliesta, na tukague nini kabla ya kulipa? Tunaishi ghorofa ya nne.
Mama wa watatu, Lang'ata

JIBU: Dada yetu, kubaki na hema la chini ni uamuzi wa busara kwa safari za aina yenu. Mwenye hema la juu ya gari akitaka kutoka alfajiri kumtafuta simba, sharti kwanza alikunje. Isitoshe, magari mengi ya familia yameruhusiwa kubeba kati ya kilo 75 na 100 tu juu ya paa yakiwa mwendoni, na hema hilo peke yake huweza kufikia kilo 60 au zaidi.

Nianze na lile lililochanika, kwa maana ndilo lenye mafunzo mengi. Wauzaji hupenda kuzungumza juu ya mvua kwa kuwa ndiyo inayomtia mnunuzi hofu, ilhali katika nchi yetu adui mkuu wa hema ni jua. Miale ya urujuanimno huvunja minyororo ya molekuli inayozipa nguvu nyuzi za nailoni na poliesta, na nailoni ndiyo inayodhoofika upesi zaidi. Nairobi ipo karibu na ikweta, tena katika kimo cha takriban mita 1,800, na nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kitambaa chembamba cha hema la bei nafuu hakina unene wa akiba: rangi hupauka kwanza, kisha kitambaa hukakamaa, na hatimaye huachia pale penye mkazo mkubwa, yaani kandokando ya mshono wa paa. Hivyo ndivyo lenu lilivyokwisha, na hata kama lisingepata tone moja la mvua, mwisho wake ungekuwa uleule.

Turubai zito nalo huliwa na jua, lakini huliwa kuanzia nje, na nyuzi za ndani huendelea kulibeba hema kwa miaka mingi. Kwa familia inayosafiri kwa gari, chaguo langu la kwanza ni turubai la mchanganyiko wa pamba na poliesta, lenye uzito wa kati ya gramu 280 na 400 kwa mita ya mraba, na lililofumwa kwa nyuzi nene zinazokatizana kwa viraba vidogo ili tundu la mwiba lisigeuke kuwa mpasuko mrefu. Poliesta hulipa kitambaa ukakamavu na kukipunguzia uwezekano wa kuoza. Pamba nayo hufura inapolowa na kuziba nafasi zilizo baina ya nyuzi, kisha ikikauka huziacha wazi tena, ndiyo maana watu watano wanaweza kulala humo bila kuamka wakidondokewa na mvuke wa pumzi zao wenyewe. Hema jipya la aina hii lisipelekwe safarini moja kwa moja kutoka dukani. Lisimamisheni uwanjani, mlilowanishe kwa mpira wa maji, mliache likauke kabisa, kisha mrudie mara moja au mbili, ili nyuzi zikaze na matundu ya sindano yazibe. Asiyefanya hivyo huona matone usiku wa kwanza wa mvua na kumlaumu mshonaji bure.

Lakini umeandika kwamba mnaishi ghorofa ya nne, na sentensi hiyo fupi ina uzito kuliko bei. Turubai la pamba likikunjwa likiwa bichi huota kuvu katika muda wa siku chache, hasa kwenye mishono minene ambako unyevu huchelewa kutoka, na madoa ya kuvu hayafutiki. Wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hamtakosa kuvunja kambi hema likiwa limelowa. Kabla ya kwenda dukani, basi, tafuteni jibu la swali moja: mkirudi Jumapili jioni, mtalianika wapi kesho yake? Ikiwa paa la jengo lenu lina kamba za kuanikia nguo na mwenye nyumba hana neno, au kama mna ndugu mwenye ua, nunueni turubai. Zingatieni pia kwamba hema la ukubwa wenu pamoja na vyuma vyake huweza kufikia kilo 30 au zaidi, na ingawa gari halitalalamika, ngazi za ghorofa nne zitawakumbusha. Chagueni lile ambalo vyuma vyake hukaa katika mfuko wake pekee, ili mzigo ugawanywe kwa watu wawili.

Kama pa kuanika hapapo, msilazimishe. Chukueni poliesta nzito badala ya nailoni, na msome kwenye lebo kipimo cha kuzuia maji, ambacho hutajwa kwa milimita na humaanisha kimo cha safu ya maji ambacho kitambaa hukistahimili kabla ya kuanza kupenyeza. Milimita 3,000 kwa kifuniko cha juu na 5,000 kwa sakafu zinatosha kwa mvua zetu. Kisha tafuteni kitu cha kuliwa na jua badala ya hema: neti ya kivuli inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa ajili ya vitalu vya miche, ikitandazwa juu ya hema na kuachiwa nafasi ya hewa chini yake, huzuia sehemu kubwa ya miale. Neti ikichakaa hununuliwa nyingine kwa gharama ndogo. Sielewi kwa nini watu hutumia fedha nyingi kwa hema kisha wakaliacha likiungua kutwa nzima huko Amboseli, wao wenyewe wakiwa garini.

Kuhusu miti, faibaglasi huvunjika ghafla na kuacha vibanzi vinavyochoma vidole na kutoboa kitambaa. Alumini nzuri hupinda kwanza, na inaweza kufungiwa kipande cha bomba mpaka mfike nyumbani. Hata hivyo vumbi la magadi likipata unyevu huishambulia, kwa hiyo ifuteni kwa maji safi kila mrudipo kutoka ziwani. Mimi hupendelea chuma kilichopakwa zinki, kwa sababu ya uzito wake hasa: hakitikisiki ovyo, na kikipinda au kukatika, fundi yeyote wa kuchomelea, awe Kajiado au Marsabit, atakitengeneza mkingoja. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila sehemu ya hema. Kabla hamjalipa, jiulizeni: kikiharibika, nani hapa kwetu atakitengeneza?

Kipimo hichohicho kitumieni kwa zipu, ambayo huchakaa mapema kuliko kitu kingine chochote kwa sababu ya vumbi. Geuzeni kishikio chake mtazame nyuma. Mara nyingi kuna namba, na kwa mlango wa hema la familia isiwe chini ya 8, huku 10 ikiwa bora zaidi. Kishikio kikilegea, fundi wa mikoba hukibadilisha bila kugusa zipu yenyewe, mradi iwe ya saizi ya kawaida. Sakafu iwe ya plastiki nzito ya PVC, iliyoshonwa pamoja na kuta na kupanda juu kwa kiasi cha upana wa kiganja, maana miiba ya migunga haina huruma. Chini yake tandikeni turubai la plastiki lililo dogo kidogo kuliko sakafu. Likijitokeza nje litakinga maji ya mvua na kuyaelekeza chini yenu.

Upepo uliovunja hema la kwanza utawafuata popote kwenye Bonde la Ufa, na mkifika Loiyangalani, kwenye eneo ambalo mitambo 365 ya umeme wa upepo imesimikwa, mtaelewa kwa nini. Hema lenye kuta ndefu zilizosimama wima hupokea upepo kama ulivyo, kwa hiyo elekezeni upande mfupi kule utokako, fungeni kamba zote hata kama jioni imetulia, na mkiweza egesheni gari upande wa upepo. Msifunge kamba ya hema kwenye gari ambalo mtu ataliwasha asubuhi akiwa na usingizi. Vigingi vinavyokuja na hema ni vya kusahau. Nunueni nondo ya milimita 10, mwombeni fundi aikate vipande vya sentimita 35, achonge ncha moja na kukunja nyingine. Vitaingia kwenye mawe ya volkeno ya Naivasha, na vitashika hata kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukilowa huachia vigingi vifupi.

Jambo la mwisho ni kwamba si lazima mwagize kutoka nje. Hapa Nairobi wapo watengenezaji wanaoshona mahema ya turubai kwa ajili ya kambi za watalii, na hema lililoshonwa hapa linaweza kurudishwa kwa aliyelishona. Ombeni mwone mshono kabla ya kukubaliana bei: kingo za vitambaa ziwe zimekunjwa ndani kwa ndani na kupitishwa sindano mara mbili, kwa uzi wenye kiini cha poliesta uliozungushiwa pamba. Mkionyeshwa mshono mmoja tu, shukuruni na mwende zenu.

SWALI: Mhariri, nimepata hema la mtumba kule Gikomba, la kampuni ya ng'ambo yenye jina kubwa, kwa bei ya kutupwa. Kitambaa hakina tundu hata moja. Lakini ndani kinanata mkononi na kina harufu ya uchachu. Nikilifua litarudi hali yake?
Msomaji, Umoja

JIBU: Halitarudi, ndugu yangu, na bei hiyo ilikuwa na sababu. Ule unaonata ni utando wa poliurethani uliopakwa kitambaani ili kuzuia maji. Unyevu na joto huuvunja polepole, hata hema likiwa limekunjwa ghalani bila kutumiwa, na ukishaanza kunata na kunuka hakuna sabuni itakayouponya. Jina la kampuni halibadilishi kemia. Unaweza kuusugua wote ukatoka, ukalitumia kama kivuli cha kiangazi. Siku nyingine, kabla ya kulipa, lifungue lote palepale sokoni, linuse, bana kitambaa pamoja kisha ukiachanishe, na uvute kwa nguvu za vidole pindo la paa, ambako jua hupiga zaidi. Mwenye bidhaa akikataa usilifungue, umekwisha kupata jibu.

SWALI: Je, hema linaloandikwa "watu sita" huingia watu sita kweli?
Baba Njeri, Kitengela

JIBU: Huingia, iwapo wote sita ni wembamba na hawajabeba hata mkoba. Watengenezaji wengi humhesabia kila mtu nafasi ya upana wa takriban sentimita 60, wakati godoro letu la kawaida la futi tatu lina sentimita 90. Sakafu yenye upana wa mita 3.6 ndiyo hiyo ya watu sita kwao, na kwako wewe ni magodoro manne yaliyogusana. Kwa hiyo toa watu wawili kwenye kila hesabu ya lebo, na kama utakuwa na sanduku la vyombo ndani, toa watatu. Kuhusu urefu, lala chali ndani ya hema ukiwa bado dukani na uone kama kichwa na nyayo viko mbali na kuta, kwa sababu turubai lililolowa likiguswa kutoka ndani huanza kupenyeza maji mahali hapohapo.