Barua kwa Mwanangu: Je, Ukate Bima ya Meno?

Mwanangu mpenzi,

Nimeupata ujumbe wako, na nimefurahi kusikia kwamba kazi mpya huko Columbus imeanza vizuri. Umeniuliza kama ukate bima ya meno ambayo mwajiri wako anaitoa kando na bima ya afya, kwa dola 28 zitakazotolewa kwenye mshahara kila mwezi. Kwa kuwa kazi yangu ni ya mapokezi katika kliniki ya meno hapa Houston, nitakujibu kwa kirefu, maana nimewaona watu wetu wengi wakiumia kwa kudhani kwamba bima zote ni sawa.

Hapa Marekani bima ya afya ya mtu mzima kwa kawaida hailipii kuziba wala kung'oa jino, na hata Medicare, bima ya serikali kwa wazee iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1965, iliyaacha nje matibabu mengi ya meno. Ndiyo sababu bima ya meno huuzwa peke yake. Lakini wakati bima ya afya huweka kikomo cha fedha utakazotoa wewe mgonjwa, bima ya meno huweka kikomo cha fedha itakazotoa kampuni, na mara nyingi kikomo hicho ni kati ya dola 1,000 na 2,000 kwa mwaka. Gharama ikivuka hapo, mzigo wote ni wako.

Tulipime jambo hili kwa gego lako la chini lililomeguka. Tuseme bima yako ina kikomo cha dola 1,500, inalipia usafishaji wote, na inalipa nusu ya matibabu makubwa baada ya wewe kutoa dola 50 za mwanzo. Umekwenda kusafishwa mara mbili, na dola 300 zimeshatoka. Kisha daktari anaona kwamba gego linahitaji kutibiwa mzizi na kuvikwa taji, yaani kifuniko kigumu cha jino, kazi ya dola 2,400. Bima italipa dola 1,175, nawe utalipa 1,225. Kwenye kikomo chako zitakuwa zimebaki dola 25 tu, kwa ajili ya jino moja! Hata hivyo, utakuwa umetoa dola 336 kwa mwaka na kupata huduma ya dola 1,475, na kliniki iliyoingia mkataba na bima hairuhusiwi kukutoza zaidi ya bei iliyokubaliwa. Katika mwaka wa namna hiyo bima inakufaa sana. Katika mwaka wa kusafishwa tu, faida na hasara hukaribiana.

Kwa hiyo uamuzi wako unategemea muda wa kungojea kuliko unavyotegemea zile dola 28. Bima nyingi, hasa zile ambazo mtu hujikatia mwenyewe, hazilipii taji wala tiba ya mzizi mpaka ipite miezi sita au kumi na miwili. Alikuja kwetu kijana shavu limemvimba, ameishika kadi ya bima aliyoikata wiki iliyotangulia, na ikanibidi nimweleze kwamba kwa jino lile kadi hiyo haikuwa na msaada wowote mpaka mwaka upite. Nilisikitika sana, kwa sababu hakuna aliyemsomea masharti kabla hajalipa. Bima za waajiri aghalabu huwa nafuu katika hili, ila usikisie. Omba karatasi ya masharti uisome yote. Humo tazama pia kifungu cha meno yaliyokosekana kabla ya bima kuanza, kwa sababu lile ulilong'olewa Tanga ulipokuwa shule ya msingi huenda wasikulipie ukitaka kuwekewa la bandia.

Rai yangu ni hii: kama hakuna muda wa kungojea, jiandikishe, kisha mwombe daktari apeleke makadirio kwa kampuni ya bima kabla hajaligusa gego. Ikiwa kikomo huanza upya kila Januari, naye daktari akasema kwamba hakuna hatari, mzizi unaweza kutibiwa Desemba na taji likavikwa Januari, nawe ukatumia vikomo viwili. Kama watakungojesha mwaka mzima, basi acha, na fedha hizo uziweke akiba. Nenda kliniki ya chuo cha meno cha Ohio State University hapo hapo Columbus, ambako wanafunzi hutibu chini ya usimamizi wa madaktari kwa bei ya chini, ingawa utakaa kitini muda mrefu zaidi. Gego lenyewe lisingoje bima, mwanangu, kwani likioza mpaka ndani huenda likahitaji kung'olewa.

Mfanyakazi mpya kwa kawaida hupewa siku 30 hivi za kujiandikisha, na zikipita hungoja mpaka kipindi cha kujiandikisha cha kila mwaka kifunguliwe. Nitumie picha ya karatasi hiyo wiki hii, kurasa zote, nami nitakupigia jioni nikitoka kazini tuipitie pamoja.

Mama yako